Mwangwi wa Chini ya Ziwa

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu elimu ambayo kwa muda mrefu imedhaniwa kuwa ni mali ya watu wa mbali, wenye merikebu kubwa na bahari pana, nayo ni elimu ya kupeleka sauti chini ya maji hata ikapenya ndani ya mwamba, kisha kuungojea mwangwi wake, ili kutokana na mwangwi huo ipatikane sura ya mambo yaliyositirika chini ya ardhi kwa kina cha kilomita nyingi. Nakusudia kueleza kwamba elimu hii, iliyojipatia sifa katika mahandaki ya bahari kule Japani, ina kazi kubwa ya kufanya hapa kwetu, katika maji haya haya ya Ziwa Kivu yanayopiga gati la Kituku mjini Goma, kwa sababu chini yake zimehifadhiwa habari za volkano zetu ambazo hakuna kitabu kilichoziandika wala mzee awezaye kuzisimulia.

Hapana mtu mzima wa Goma asiyekumbuka usiku wa Jumamosi tarehe 22 Mei mwaka 2021, mlima Nyiragongo ulipopasuka ubavuni na lava ikateremka kwa kasi, ikaunguza vijiji na mashamba, hata ikasita karibu na uwanja wa ndege. Msiba ule una wenyewe, nao wanaujua kuliko mimi; lakini nataka tuzizingatie siku zilizofuata, maana hizo ndizo zinazotuingiza katika maudhui yetu. Lava ilikuwa imekwisha kusimama, na bado zilzala zikaendelea usiku na mchana, nyumba zikifanya nyufa na barabara zikiachana, mpaka tarehe 27 Mei serikali ya mkoa ikaamuru mitaa kumi ya mji ihamwe, na umati wa watu, wenye magodoro vichwani na watoto migongoni, ukashika njia ya Sake, wengine wakavuka Rwanda, wengine wakaabiri mashua kwenda Bukavu. Wataalamu wa Kituo cha Uchunguzi wa Volkano cha Goma, pamoja na wenzao wa ng'ambo, waliiandama magma kwa sismografu na kwa picha za rada za setilaiti, wakaona kwamba ilikuwa imejipenyeza katika mwamba kwa umbo la ukuta mwembamba uliosimama wima, ukitoka upande wa mlima, ukipita chini ya mji kwenye kina cha mita mia chache tu, na kuendelea hata chini ya ziwa. Na katika maelezo yao yaliyochapishwa mwaka 2022 walisema bayana kwamba mlipuko wenyewe haukutanguliwa na zile dalili za kawaida ambazo zingalitambulika kuwa ni onyo.

Sismografu husikia mwamba unapovunjika, na setilaiti huona uso wa nchi ukivimba au kudidimia, na vyombo hivyo viwili tunavihitaji kama tunavyohitaji maji ya kunywa. Lakini rada ya setilaiti haipenyi maji, na sismografu, hata ikiwa nyepesi ya kusikia namna gani, hutuambia mahali palipotokea mvunjiko bila kutuchorea sura ya nchi yenyewe, yaani tabaka zake zilivyopangwa, nyufa zake zinavyoinama, na zililala wapi lava za zamani kabla ya kufunikwa na tope. Anayetaka sura hiyo hana budi kuutafuta mwangwi.

Asili ya njia hii si ngeni kwa mtu yeyote, maana mnunuzi wa mtungi huugonga ubavuni kwa kidole kabla ya kutoa fedha yake, na kwa sauti itokayo akajua kama mna ufa ambao macho hayauoni. Merikebu ya utafiti nayo hugonga. Huburura majini chombo kiitwacho bunduki ya hewa, ambacho hakina risasi wala baruti, bali kina hewa iliyoshindiliwa kwa nguvu zipitazo mara mia ya shinikizo la hewa tunayoivuta. Hewa hiyo ikifunguliwa ghafula hufanya kishindo, na kishindo husafiri kwenda chini kwa mwendo wa mita 1,500 hivi kwa kila sekunde. Kikifika sakafuni, sehemu yake hurudi juu na sehemu nyingine huendelea kupenya katika mashapo, na kila kinapokutana na mpaka wa tabaka mbili zisizolingana kwa uzito na kwa wepesi wa kupitisha sauti, kama vile tope laini lililolala juu ya basalti, hapo hugawanyika tena, sehemu ikirejea na sehemu ikizidi kushuka. Nyuma ya merikebu hufuata kamba ndefu iliyojaa vipokea-sauti, ambayo baharini huweza kufikia urefu wa kilomita kadhaa, nayo huipokea miangwi hiyo mmoja baada ya mwingine na kuandika wakati wa kila mmoja kwa usahihi wa sehemu za elfu za sekunde. Katika Ziwa Kivu, ambalo kina chake kikubwa kabisa ni mita 485, sauti huenda sakafuni na kurudi kwa muda upatao thuluthi mbili za sekunde. Juu ya Handaki la Japani, penye maji ya kilomita saba na nusu, mwangwi wa kwanza hungojewa sekunde kumi kamili.

Kuusikia mwangwi si kazi ngumu. Taabu iko katika kuuamua. Mwangwi mmoja hupotea katika ghasia za mawimbi na mashine, kwa hiyo merikebu hupiga tena na tena kila baada ya hatua fulani, na mahali pamoja chini ya sakafu hugongwa kutoka pembe nyingi. Kisha maandiko yote ya mahali hapo hupangwa sawasawa na kujumlishwa, hata mwangwi wa kweli ukazidi nguvu na kelele zikauana zenyewe kwa zenyewe. Tena kuna mwangwi wa uongo, ule unaotoka sakafuni ukagonga uso wa maji na kuteremka mara ya pili, ukamfanya mtazamaji asiye na tahadhari aone sakafu mbili ilhali ipo moja. Tena kuna tabaka zilizoinama, ambazo mwangwi wake hautoki moja kwa moja chini ya merikebu bali kutoka ubavuni, na lazima kwa hesabu zirudishwe mahali pake halisi. Ndiyo maana picha moja iliyokamilika huweza kuchukua miezi ya kazi mezani baada ya siku chache za kazi majini, na ndiyo maana mimi huwaheshimu wanahesabu wa fani hii kadiri ninavyowaheshimu mabaharia wake.

Kwa asili njia hii ilizaliwa nchi kavu, na iliyoilea ni haja ya mafuta. Mmarekani John Clarence Karcher na wenzake waliijaribu huko Oklahoma mwaka 1921, wakitumia baruti mahali pa bunduki ya hewa, na haikupita miaka mingi makampuni ya mafuta yakaifanya kuwa nguzo ya biashara yao. Baadaye ilipoingia baharini, wataalamu wa elimu ya dunia waliikuta ikiwa tayari, nao wakaielekeza mahali ambapo fikira zao zilikuwa zimekwama kwa miaka, yaani kwenye mahandaki.

Handaki la bahari ni bonde refu na la kina kupita kiasi, ambalo aghalabu hufuata ukingo wa bara au safu ya visiwa, na chini yake bamba moja la ganda la dunia huinama na kuzama chini ya bamba jingine. Mjapani Kiyoo Wadati, na baada yake Hugo Benioff wa Marekani, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba vitovu vya zilzala katika pande hizo huzidi kwenda kina kadiri mtu anavyoliacha handaki na kuelekea bara, kana kwamba vimepangwa juu ya ubao ulioinama; lakini ubao wenyewe hakuna aliyeuona. Upimaji wa mwangwi ndio uliouonyesha. Katika Handaki la Nankai, kusini mwa Japani, picha za mwangwi zinadhihirisha uso wa bamba la bahari ukiteremka kuelekea chini ya nchi, na juu yake mashapo yaliyokwanguliwa kutoka mgongoni mwa bamba hilo na kurundikwa mkunjo juu ya mkunjo, na kati ya vitu hivyo viwili mstari mmoja mwembamba ung'aao, ambao ndio ufa mkuu wenyewe, mahali bamba na bamba zinapong'ang'aniana kwa miaka mia na zaidi kisha zikaachana kwa dakika chache. Ukiutazama mstari ule unaelewa kwa nini pwani ile ilipigwa mwaka 1944 na tena mwaka 1946.

Mambo hayo si ya Wajapani peke yao. Tarehe 26 Desemba 2004 ufa wa namna hiyohiyo ulifunguka kandokando ya Sumatra kwa urefu upitao kilomita elfu moja, bahari ikainuliwa, na wimbi lililotoka huko likavuka Bahari ya Hindi yote kwa muda wa saa chache, likaua watu karibu 300 katika pwani ya Somalia, na Kenya na Tanzania pia zikapoteza watu wao. Jamaa zetu wa pwani, ambao mababu zao walizijua pepo za kaskazi na kusi kuliko kitu chochote, hawakuwa na habari kwamba handaki lililo upande wa pili wa bahari ile ile laweza kuwafikishia mauti mchana kweupe.

Ila somo lililonigusa zaidi lilitoka katika Handaki la Japani, baada ya zilzala ya tarehe 11 Machi 2011. Kabla ya siku ile wataalamu wengi waliamini kwamba sehemu ya juu ya ufa, ile iliyo karibu na handaki lenyewe, imo ndani ya mashapo laini, kwa hiyo huteleza polepole bila ya kutoa zilzala, na hatari yote iko chini zaidi. Bahati ilikuwa kwamba watafiti wa Kijapani walikuwa wamepima mstari mmoja wa mwangwi mahali pale mwaka 1999. Zilzala ilipotulia wakarudi, wakaupitia mstari uleule, wakaweka picha mpya kando ya picha ya zamani, na hapo ikathibitika kwamba mvunjiko ulifika mpaka handakini kwenyewe. Sakafu ya bahari ilikuwa imesogea mita 50 hivi kuelekea mashariki. Mwaka 2012 merikebu yao Chikyu ikashusha keekee katika maji ya kina cha karibu kilomita saba, ikaufikia ufa mahali uliposomwa katika picha, na ikapandisha udongo wa mfinyanzi laini mno, ambao unene wa tabaka lake haukufika mita tano. Udongo ule ndio uliokuwa utelezi wa msiba. Ninaomba msikilizaji alishike jambo moja katika kisa hiki, nalo ni ule mstari wa 1999: usingekuwapo, picha ya 2011 ingalikuwa picha tu, isiyo na kitu cha kulinganishwa nacho.

Sasa turejee kwetu. Chini ya Goma hakuna handaki wala bamba linalozama, na hapa ndipo watu wengi huchanganya. Kule Japani bamba la Pasifiki huja kwa sentimita nane au tisa kila mwaka na kuzama. Huku kwetu bara linapasuka, upande wa mashariki ukijitenga na upande wa magharibi kwa milimita mbili au tatu tu kila mwaka, na katika mpasuko huo ndimo yalimo maziwa yetu, tangu Albert na Edward hata Kivu, Tanganyika na Nyasa. Kule ganda la dunia linamezwa, huku liko katika kuachana, na huenda baada ya mamilioni ya miaka bahari mpya ikaingia. Zilzala zetu kwa sababu hiyo ni ndogo kuliko zao, lakini si ndogo kwa mtu aliyeangukiwa na ukuta, na Kalehe ya Oktoba 2002 na Bukavu ya Februari 2008 ni mashahidi. Mwendo ni kinyume, na bado ala ni ileile, kwa kuwa sauti haiulizi kama mwamba unazama au unapasuka.

Wala ala hiyo si mgeni katika maziwa yetu. Miaka ya 1983 na 1984 Mmarekani Bruce Rosendahl wa Chuo Kikuu cha Duke aliongoza mradi ulioitwa PROBE, ambao kwa chombo kilichopewa jina Nyanja ulipima mistari ya mwangwi katika Ziwa Tanganyika, na baadaye katika Ziwa Nyasa. Kabla ya hapo vitabu viliieleza Bonde la Ufa kuwa ni kipande cha nchi kilichodidimia sawasawa kati ya nyufa mbili zinazotazamana. Miangwi ya Tanganyika ikakanusha: ziwa lile ni mfululizo wa mabonde yaliyoinama upande mmoja, kila moja likiwa na ufa mkuu mmoja tu, na ufa huo ukiwa mashariki katika bonde hili hugeuka na kuwa magharibi katika bonde linalofuata, huku mashapo yakiwa yamelundikana kwa kilomita kadhaa chini ya maji ambayo yenyewe yana kina cha mita 1,470. Leo mwanafunzi wa elimu ya ardhi popote duniani, akifundishwa jinsi bara linavyopasuka, hufundishwa kwa picha za Tanganyika.

Na sisi wa Kivu Kaskazini tuna kumbukumbu nyingine ya ala hii, isiyo tamu. Mwaka 2014 kampuni ya Kiingereza ya SOCO ilipima miangwi katika Ziwa Edward, ndani ya Hifadhi ya Virunga, kutafuta dalili za mafuta, na jambo hilo liliwatia hofu wavuvi na likapingwa ndani na nje ya nchi, hata kampuni ikajitoa. Nataja habari hii kwa sababu najua kwamba yeyote atakayepeleka bunduki ya hewa katika Ziwa Kivu ataulizwa juu yake, na ni haki aulizwe. Mwangwi uleule unaomwonyesha mtaalamu wa zilzala ufa ulio hai, humwonyesha mfanyabiashara mahali mafuta yanapoweza kukaa. Ala haina nia. Mwenye nia ni aliyeikodi, na kwa hiyo watu wana haki ya kuambiwa mapema ni nani, anatafuta nini, na maandiko yatakaa wapi.

Ziwa Kivu lenyewe lilipimwa kabla ya mradi wa PROBE. Mwaka 1971 na 1972 wataalamu wa taasisi ya Woods Hole ya Marekani, wakiwa pamoja na Egon Degens, walikuja na vyombo vyao, wakapima miangwi, sumaku ya miamba na joto litokalo sakafuni. Walikuta kwamba bonde la kaskazini, hili lililo mbele ya Goma na Gisenyi, lina mashapo yafikayo nusu kilomita, na kwamba joto la sakafu halikulingana mahali na mahali. Kwa vyombo vya siku zile ilikuwa kazi kubwa. Tangu hapo zimefanyika kazi nyingine za karne hii, zenye vyombo bora, na upimaji wa sura ya sakafu uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha vilima vya volkano vimesimama chini ya maji. Lakini ulihusu upande wa Rwanda wa bonde la kaskazini. Mpaka wa dola mbili umechorwa juu ya maji, na magma ya mwaka 2021 haikuonyesha kuujua.

Lazima niseme pia ukomo wa njia hii, kwa maana si halali kuwaahidi watu wa mji huu kitu ambacho elimu haiwezi kuwapa. Mwangwi hurudi kutoka tabaka iliyolala au iliyoinama kidogo. Ukuta uliosimama wima haurudishi sauti juu, bali huipotezea kando, na ule ukuta wa magma wa 2021 ulisimama wima na unene wake ni wa mita chache. Ukipita juu yake na bunduki ya hewa hutauona wenyewe. Kadhalika gesi: maji ya kina ya Kivu yameyeyusha kilomita za ujazo 60 hivi za methani na karibu 300 za kaboni dayoksaidi, na popote gesi inapofanya mapovu ndani ya tope, sauti humezwa na picha huwa giza. Basalti nayo, iliyojaa mashimo na mikunjo, huitawanya sauti kabla haijafika mbali, na hii ndiyo sababu inayonifanya nilitilie mkazo ziwa kuliko mji. Kupima miangwi juu ya mawe ya lava ya Majengo au Mugunga, katikati ya malori na pikipiki, ni kazi yenye taabu nyingi na faida haba; lakini ziwani tope limelala tabaka juu ya tabaka, tulivu, bila ya oksijeni na bila ya kiumbe cha kulichimbua, maana samaki wote wanaishi katika mita sitini au sabini za juu.

Kisichoonekana chenyewe huonekana kwa alama zake. Ukuta wa magma unapopanda hukata tabaka za tope na kuzisogeza, ukifika juu huacha kilima au bamba la lava ambalo mwangwi wake ni mkali sana, kisha tope jipya hulala juu ya vitu hivyo na kuvihifadhi. Zilzala kubwa huporomosha mteremko wa ziwa, na maporomoko huacha tabaka nene isiyo na mistari. Kwa hiyo mstari wa mwangwi uliopimwa vizuri, ukifuatwa na kipande kirefu cha tope kilichotolewa mahali palipochaguliwa kutokana na picha, hautatuambia mlipuko wa kesho ni saa ngapi, bali utatuambia ni mara ngapi moto umepasukia chini ya ziwa katika maelfu ya miaka iliyopita, umbali gani kutoka pwani, na katika ufa upi. Historia yetu iliyoandikwa ni fupi mno kwa kazi hiyo. Tuna mlipuko wa Nyamulagira wa 1938 hadi 1940, ambao lava yake ilifika ziwani karibu na Sake. Tuna Nyiragongo wa 1977, wa 2002 uliokata mji na kuingia majini, na wa 2021. Na kabla ya hapo tuna vilima visivyosema, kama Mlima Goma ulio pwani hapa mjini na shimo la Ziwa la Kijani kule Mugunga, vilivyozaliwa maji na magma vilipokutana. Mkutano wa namna hiyo ukitokea mahali pasipo kina, huwa na mlipuko mkali kuliko lava inayotiririka, na ndiyo maana swali la mahali pake si la udadisi wa wasomi peke yao. Mwenye kuchora ramani ya njia za kuhamia, mwenye kuamua shule ijengwe wapi kati ya Himbi na Kyeshero, mwenye kuweka mtambo wa methani, wote wanalihitaji jibu.

Wengine wamehofia kishindo chenyewe kisije kikaamsha gesi ya ziwa, wakikumbuka Ziwa Nyos la Kamerun, ambako mwaka 1986 gesi iliua zaidi ya watu 1,700. Hofu hiyo si ya kudharauliwa. Lakini gesi ya Kivu imeshikwa chini na shinikizo la maji na tabaka zito la chumvi, na lava ya mwaka 2002 iliingia ziwani bila ya kuitikisa. Kishindo cha chombo kidogo, cha kutosha kuona mita mia kadhaa za tope, ni kitu hafifu mbele ya hayo. Tahadhari kubwa zaidi naiona kwa wavuvi. Mashua zao tatu tatu hutoka jioni, zimeungwa kwa miti mirefu, zikiwa na taa za kuwavutia samaki waitwao sambaza. Kamba ya vipokea-sauti ikipita hapo usiku itachana nyavu na kukata riziki ya watu wasiohusika. Basi kazi ifanywe mchana, wavuvi wakae katika shauri tangu mwanzo, na bunduki ifunguliwe kwa nguvu ndogo kwanza ili samaki wapate kusogea.

Gharama nayo si ile ya merikebu za Japani. Kwa maji ya Kivu yatosha chombo cha wastani, kamba ya mita mia chache na mashine ya hewa. Hesabu ambazo zamani zilihitaji jumba zima la mitambo leo hufanywa katika kompyuta ya mezani, na programu iitwayo Seismic Unix, iliyotungwa katika chuo cha madini cha Colorado, hutolewa bure kwa kila atakaye. Kijana wa Chuo Kikuu cha Goma aliyesoma hesabu za mawimbi aweza kuanza kujifunza nayo mwezi huu, hata kabla chombo hakijatia mguu majini, kwa kutumia maandiko ya nchi nyingine yaliyofunguliwa kwa umma. Hapa ndipo ninapowasihi wakubwa wa pande zote mbili za mpaka. Mwaka 2020 fedha za Benki ya Dunia zilizokuwa zikikisaidia Kituo cha Uchunguzi wa Volkano zilikwisha, na miezi michache baadaye mlima ukapasuka. Elimu inayokaa kwa fedha ya mkataba huondoka na mkataba. Maandiko ya miangwi ya ziwa hili yakae Goma na yakae Rwanda, nakala nzima, mabichi na yaliyokwisha kuamuliwa, na wayasome watu watakaokuwapo hapa muhula wa mfadhili utakapomalizika.

Na kama nikiulizwa pa kuanzia, nitasema chombo kisianze kwa kuzunguka ziwa lote. Nyufa za bonde hili aghalabu huelekea kaskazini na kusini, kwa hiyo mistari iende mashariki na magharibi ili izikate, kutoka Ghuba ya Kabuno, mbele ya Mugunga, Kyeshero na Himbi, mpaka ng'ambo ya Gisenyi kwa ruhusa ya serikali zote mbili, mstari baada ya mstari, ukianzia karibu na pwani na kuteremka kusini hadi kupita mahali ambapo ukuta wa magma wa 2021 ulikoma. Mmoja wa mistari hiyo uwekwe juu ya njia iliyopitiwa na watu wa Woods Hole miaka ya sabini, alama zake ziandikwe kwa setilaiti kwa usahihi wa mita moja, nao upimwe upya kila baada ya miaka michache, na mara tu baada ya zilzala yoyote kubwa, kwa vyombo vilevile na kwa kina kilekile.